Chai ya Magharibi kwenye Jiko la Shitala

Siku ile nyumbani tulikuwa watano. Alikuwapo Bibi; mwanawe wa kiume, ambaye ndiye tajiri wangu; mke wa huyo mwanawe, niliyemwita Madamu; mtoto wao wa miaka mitatu, amejaa tetekuwanga mwili mzima; na mimi, mfanyakazi wa ndani. Nyumba iko Wattaya, huku Uarabuni, nyuma ya maduka ya magari. Wenyewe ni Wahindi wa Kachi waliozaliwa Dar es Salaam, na Kiswahili ndiyo lugha yao ya kugombana.

Ule upele hawakuuita ugonjwa. Walisema, "Mama amekuja," yaani Shitala, mungu wao wa kike anayeleta joto la mwili na kulipoza. Siku yake jiko haliwashwi. Jana yake tulipika kutwa, tukalisugua jiko, Bibi akalipaka alama nyekundu na kulaza juu yake tawi la pamba.

"Binti, asiliguse mtu mpaka niliwashe mwenyewe," aliniambia. "Mama anakuja kujilaza hapa apate ubaridi. Ukiwasha, unamchoma."

Asubuhi alisoma kijitabu cha maandiko yao, akinifasiria: Purana inasema Shitala anapanda punda, ameshika ufagio na mtungi wa maji, na kichwani ana ungo.

"Na jiko liko ukurasa gani, Mama?" mwanawe akamchokoza.

"Halimo. Hilo la jiko ni letu sisi wa Kachi. Wa kitabuni na wa jikoni ni mmoja, ila wa jikoni ana wivu."

Tukashinda na mikate ya jana na mtindi. Kisha ikaadhiniwa Magharibi. Mimi niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, na kila Ramadhani niliwafuturisha wadogo zangu wanne. Adhana ilinifika mikononi kabla ya kichwani. Nikawaza: masikini, wameshinda na vya baridi, na siku imekwisha. Nikaliweka kando lile tawi, nikachemsha chai ya tangawizi, nikaipeleka sebuleni kwa furaha.

Madamu aliuona mvuke. Akaketi sakafuni palepale.

"Umewasha?"

"Nimewasha, Madamu. Si wamekwisha adhini?"

Mumewe alianza kucheka, akamwona mkewe, akaacha.

"Mwanangu ana Mama mwilini, nawe unamchoma!" Madamu alisema. "Funga mizigo. Kesho unarudi kwa wakala aliyekuleta."

Nikalitua sinia mezani. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kidato cha pili, na hakuna mwingine wa kumlipia ada.

"Mimi ndiye niliyemtuma," Bibi akasema.

"Mama!" mwanawe akasema.

"Kifua kilinibana, nikataka cha moto. Mkitaka kumfukuza mtu, nifukuzeni mimi."

Alisema hayo mkono wake ukiwa juu ya kijitabu kilekile. Mwanamke asiyekunywa hata maji kabla ya kusali alidanganya siku ya mungu anayemwogopa kuliko wote, mjukuu wake akiungua kwa homa chumba cha pili. Nilitaka kusema. Badala yake nikaanza kukusanya vikombe.

Siku saba Bibi alikula vya baridi na kuoga maji ya baridi, akimwomba Shitala msamaha. Nikamfuata jikoni.

"Bibi, niache niseme ukweli."

"Ukisema leo, watakufukuza leo. Somesha kwanza. Ukimaliza utawaambia."

"Na Mama je?"

"Mama anajua. Hawa ndio hawajui."

Mtoto alipona, upele ukakauka. Lakini tangu hapo, kila siku ya Shitala ikifika, Madamu hutoa mtungi wa gesi, akaufungia stoo, na ufunguo akauvaa shingoni. "Kwa ajili ya mama yako, asije akataka tena cha moto," humwambia mumewe, Bibi akisikia. Bibi, aliyelitunza jiko lile tangu mumewe yu hai, huinamisha kichwa na kuendelea kukunja mikate.

Mdogo wangu alimaliza chuo mwaka jana. Bado sijasema.