Kiangazi cha Reijo Kutafuta Kipa

Msimu uliisha mwezi wa tatu, na kabla barafu ya ziwani haijayeyuka yote, Reijo Tenhunen alikuwa ameshapoteza wachezaji saba. Wawili walihamia mji wa Kuopio kufuata kazi. Mmoja alioa, mke akasema Jumamosi ni za nyumbani. Mmoja goti lilimshinda. Ndugu wawili walichukuliwa na timu ya mji jirani, ambayo huwapa watu wake chumba na petroli. Wa saba alikuwa kipa, naye aliaga kwa ujumbe wa simu wa maneno matatu: "Nimepata timu. Asante."

Mimi ni binamu yake Reijo, na ndimi ninayeuza kahawa na soseji kwenye ukumbi wetu wa barafu hapa Tervasalmi, kwa hiyo habari hii nimeisikia kwa pande zote, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Timu yetu ya hoki ni ya daraja la chini. Hakuna anayelipwa. Reijo ni meneja wake mwaka wa kumi na sita sasa, maana yake kila kiangazi yeye ndiye anayejaza orodha ya kikosi: majina kumi na nane, yafike kwenye shirikisho kabla mwezi wa nane haujaisha. Yasipofika, hakuna timu.

Kazi yake ya kila siku ni kusafisha dohani, mabomba ya moshi ya majumbani. Mtu wa kazi hiyo hufunguliwa kila mlango, naye haoni haya kuitumia nafasi. Akiingia tu barazani, macho huenda kwenye kona ya viatu: kuna viatu vya kuteleza barafuni vya saizi kubwa? Kuna gongo jipya la kuchezea? Hajafungua hata mkoba wa brashi, ameshauliza, "Huyu shemeji yako aliyehamia, anacheza upande gani?"

Tatizo ni sisi wenyewe. Watu wa Savo, mkoa wetu huu, hatusemi ndiyo, wala hatusemi hapana. Tunamwachia anayesikiliza abebe mzigo. Mwezi wa sita alimfuata Kauko, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Utacheza mwaka huu?"

"Uwezekano upo."

"Wa ndiyo au wa hapana?"

"Wa aina zote mbili."

"Nikuandike?"

"Kuandika hakujakatazwa. Kalamu si ni yako?"

Reijo alimwandika, akamfuta, akamwandika tena. Karatasi ilitoboka pale penye jina la Kauko.

Nyumbani alikuwa hakaliki naye. Yeye na mkewe Irja wana kibanda kando ya ziwa, na kila mwaka mwezi wa saba huhamia huko kupumzika. Kupumzika gani! Irja akiweka mezani viazi vipya na samaki wa chumvi, mume anainuka.

"Reijo, keti. Hii ni mara ya nne."

"Nakwenda kuangalia mashua."

"Mashua haijaenda popote."

Alikwenda gatini, kwa sababu ndipo simu iliposhika mtandao. Akarudi. Akakaa. Akainuka. Kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke, alivumilia vikombe viwili vya maji juu ya mawe ya moto, akatoka nje na taulo kuangalia kama kuna aliyempigia. Irja aliniambia kulala na mwanamume huyo ni kama kulala na samaki aliyevuliwa sasa hivi.

Mambo mawili yalikuwa yakimfukuza, na hakutaja hata moja.

La kwanza lilikuwa kipa. Kipa alikuwepo, kila mtu alimjua, na hakuna aliyethubutu kumtaja mbele ya Reijo. Aulis Karhapää, umri miaka thelathini na tatu, mfugaji wa ng'ombe ng'ambo ya mlango wa ziwa. Alitulindia lango misimu minane. Halafu, kiangazi kimoja miaka minne iliyopita, orodha mpya ilibandikwa kwenye ubao wa duka, na jina lake halikuwemo. Reijo alikuwa amemleta kijana wa Kuopio bila kumwambia Aulis neno. Tangu siku hiyo Aulis hakukanyaga ukumbini, na dohani yake ilisafishwa na Marketta, mwenzake Reijo wa kazini.

La pili lilikuwa Pentti Roivainen, tarishi wetu. Beki, miaka arobaini na mbili, misimu ishirini na mmoja. Majira ya baridi yaliyopita washambuliaji walikuwa wakimpita kama nguzo ya barabarani. Mwezi wa tano Reijo aliamua kutomwandika, na hakumwambia. Akiliona gari la posta, alikata kona. Na Pentti huyo, kiangazi chote, alikuwa akijinoa: kila jioni barabarani na viatu vya magurudumu, jasho likimtoka, akipungia mkono kila gari.

Katikati ya mwezi wa saba Marketta aliteguka bega. Nyumba za ng'ambo zikabaki kwa Reijo.

Aulis alimkuta uani akishusha ngazi garini. Hakumsalimu.

"Marketta yuko wapi?"

"Bega."

"Aha," akasema Aulis, akarudi zizini.

Reijo alipanda paani, akateremsha brashi na uzito wake wa chuma ndani ya dohani, akasugua haraka haraka kama mtu anayeiba. Masizi yalimjaa puani. Alipomaliza na kugeuka, ngazi ilikuwa imelala kwenye nyasi, na Aulis amesimama kando yake, mikono mifukoni.

"Aulis, ngazi imeanguka."

"Haijaanguka. Nimeilaza. Ilikuwa imechoka."

"Acha utani, bwana. Nina nyumba nyingine mbili leo."

"Wewe siku zote una nyumba nyingine. Keti huko juu, mzee, upepo ni mzuri."

"Unataka nini?"

"Mimi? Mimi niko kwangu. Mwenye shida ni wewe. Hata ng'ombe wangu wanajua hamna kipa."

"Basi njoo udake!"

Aulis alicheka kwa sauti, akapanda trekta, akaenda kugeuza majani yake shambani.

Aulis anasema ilikuwa dakika ishirini. Reijo anasema saa moja na nusu. Simu ilikuwa garini. Alitembea juu ya paa kutoka ncha hadi ncha. Alimpigia kelele mbwa wa Aulis. Akatoa karatasi mfukoni, akasoma majina kuanzia juu, akayasoma kuanzia chini, mpaka yakamchosha, akairudisha. Mikono haikuwa na la kufanya. Mbu wakamjia. Mwishowe akakaa kando ya dohani, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kwenda, na hapo, aliniambia, likamjia jambo alilolikimbia miaka minne.

Trekta liliporudi uani alisimama, karibu ateleze.

"Aulis! Nilikuwepo!"

"Wapi?"

"Dukani. Siku ile. Nilikuona mbele ya ubao, umeshika katoni ya maziwa. Ulisoma mpaka mwisho, ukaanza tena juu. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya unga."

Aulis akazima injini. "Ukifanya nini?"

"Nimejificha."

"Nyuma ya unga?"

"Nyuma ya unga. Nilitakiwa nije kwako mapema nikuambie usoni kwamba nimemchukua mwingine. Niliogopa. Nimekukosea, nisamehe."

Aulis alifuta mikono kwenye suruali, kila kidole.

"Nilidhani wamekosea kuchapa," alisema. "Nilimwambia mama, wamenisahau, kesho watarekebisha. Nilirudi dukani siku tatu mfululizo kuangalia."

Kisha akaiinua ngazi, akaishika kwa nguvu mpaka Reijo alipofika chini. Walisimama karibu, mmoja ananuka masizi, mwingine ananuka ng'ombe.

"Na Pentti?" Aulis akauliza.

"Pentti kafanyaje?"

"Jana kapita hapa na magurudumu yake, ulimi nje. Yumo kwenye orodha?"

Reijo akaangalia viatu vyake. "Hayumo."

"Anajua?"

Reijo akaanza kukusanya brashi zake.

"Nenda kamwambie," alisema Aulis. "Leo. Halafu njoo tuzungumze habari ya lango. Ukisubiri kesho, mimi nitakuwa na majani ya kuvuna."

Zile nyumba mbili hazikusafishwa siku hiyo. Reijo alimkuta Pentti kwenye kibanda chake cha vifaa, ananoa viatu vya kuteleza, kiangazi katikati, jua linawaka.

"Karibu! Nimepungua kilo sita," alisema Pentti. "Angalia tumbo."

"Pentti, mwaka huu sijakuandika."

"Bado, yaani."

"Sijakuandika na sitakuandika. Miguu yako imekuwa mizito kwa beki. Uamuzi ni wangu, si wa kocha."

Pentti aliendelea kunoa kidogo, mkono ukienda wenyewe, kisha akakiweka kiatu mezani.

"Uliamua lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano." Alitikisa kichwa. "Ungeniambia mwezi wa tano, Reijo, ningekwenda kuvua samaki. Nimekimbia kilomita mia tatu. Watu wote wa barabara hii wameniona nikikimbia."

Reijo anasema ulimi ulimwasha ampe chochote, cheo cha kusimamia benchi, ufunguo wa chumba cha magongo, ilimradi uso ule ubadilike. Hakumpa. Alijua angekuwa anajiponya yeye mwenyewe. Alisimama tu pale, na kwa mtu kama yeye kusimama mahali pamoja ni adhabu ya kutosha.

"Basi umeshasema," Pentti akamwambia. "Sasa nenda."

Siku ya pili yake Aulis alikuja mwenyewe kwenye kibanda cha ziwani. Hakusema atacheza. Alisema magoti yake yako salama na kwamba jioni za Jumanne na Alhamisi, siku za mazoezi, ana mtu wa kukamua ng'ombe. Irja akamwekea mkate mweusi wenye samaki ndani, na Reijo akamsukumia karatasi.

"Niandike?" Aulis akauliza.

"Kalamu hii hapa."

Aliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, chini kabisa. Kauko naye alithibitisha baada ya wiki mbili, kwa kutuma namba ya jezi aliyoitaka, bila maelezo. Orodha iliondoka tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa nane.

Tulimaliza wa sita kati ya timu kumi. Aulis alidaka vizuri mechi nyingi, na mechi mbili alidaka vibaya sana. Pentti alituletea barua kama kawaida, lakini ukumbini hakuonekana mpaka baada ya Krismasi. Alikuja Jumamosi moja, akanunua soseji kwangu, akaangalia vipindi viwili akiwa amesimama, akaondoka. Yeye na Reijo walisalimiana kwa kichwa. Mpaka leo ni kwa kichwa tu.

Reijo hajatulia, na sidhani kama atatulia. Lakini sasa, mchezaji anayemwacha nje ya orodha anamfuata kwake mapema, barafu ikiwa bado ziwani. Mwaka huu ni wawili. Jana asubuhi nililiona gari lake likielekea kwa wa kwanza, taratibu sana, likisimama kila kona hata pasipokuwa na gari jingine.