Nilidai shikamoo, mjukuu wangu akapoteza jicho

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu nadhani hamfiki watatu. Vijana, leo msiniamkie. Mtaona kwa nini.

Nilisoma mpaka la nne tu, herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Jambo lenyewe halijapinda. Nilikuwepo, nililiona.

Mimi ni bibi wa Kimamba. Nina mjukuu, Zawadi, nimemlea tangu mama yake afariki. Mwanamke mzima sasa, ana miaka ishirini na saba.

Alikuwa anafyeka majani kwa mashine kwenye nyumba za wageni kule Mikumi. Ile ya kuning'iniza begani kwa mkanda, inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Nilijidai naye, sifichi. Wanaume walimcheka, "Dada, rudi jikoni." Yeye anamaliza uwanja, wao bado wanatafuta petroli.

Na alikuwa anajifunza udereva. Alitaka aendeshe magari ya watalii mbugani. Hilo likumbukeni.

Zawadi alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajawasha anapita kwenye majani na ndoo, anaokota mawe, waya, vizibo vya soda. Anavaa buti, suruali nzito na miwani mikubwa ya plastiki.

Na mimi alishaniambia, si mara moja:

"Bibi, mashine ikiwa inawaka usinisogelee. Simama mbali, punga kanga, nitazima nije."

Nikamjibu, "Mimi mtoto wa mashamba ya mkonge, nimekulia kwenye visu. Utanifundisha nini wewe?"

Ujinga mtupu. Panga hukata pale ulipolielekeza. Mashine hukata hata pale ulipoisahau.

Siku hiyo nilikwenda Mikumi kumtembelea, nikafikia kwa shoga yangu Mama Sudi. Nikamwambia, twende ukamwone mjukuu wangu anavyopiga kazi.

Tukaingia getini, tukasimama kwenye njia ya kokoto kando ya ukuta. Zawadi akainua uso, akatuona, akatupungia mkono turudi nyuma.

Mama Sudi akacheka. "Eh! Ndiye huyo? Anatuswaga kama kuku! Mikumi imempa miwani, imemnyang'anya adabu."

Wakuu, iliniingia. Mimi nilee mtoto asiyejua kuamkia? Nikapaza sauti:

"Wewe Zawadi! Ndivyo unavyopokea wakubwa? Na hilo dude usoni unamwangalia nani? Vua!"

Akavua.

Akapunguza moto, kelele ikashuka, lakini hakuzima. Akaja mpaka kwenye kokoto tulipo, akapiga goti kama nilivyomfundisha tangu mdogo.

"Shikamoo bibi."

Alipokunja goti, mashine ikainama naye, mkono ukabana kile kichuma cha kuongezea moto. Kisu kikachota kokoto, kule ambako hakuwa amepita na ndoo. Kizibo cha soda kikaruka, kikagonga ukuta, kikamrudia usoni.

Marahaba sikuwahi kuitikia.

Nikamkandamiza jicho kwa kanga, nikidhani nazuia damu. Kosa la pili hilo. Hospitali waliniambia jicho lililopigwa hivyo halikandamizwi, halisuguliwi, wala halioshwi. Unalikinga na kitu kisicholigusa, unakimbiza mgonjwa. Daktari akasema lilikuwa limepasuka palepale, kabla sijaligusa. Sijui ni kweli au alinihurumia.

Jicho la kushoto limekwenda. Udereva umekwenda nalo. Daftari lake la alama za barabarani liko juu ya kabati, hakuna anayeligusa.

Hajanilaumu hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Mama Sudi alikuja kutupa pole, akasema ni mipango ya Mungu. Nikamwambia, Mungu hakusema "vua". Nilisema mimi.

Mnaofanya kazi hizi: miwani haivuliwi mashine ikiwa inawaka, hata aje mkwe, hata aje shehe. Ukiitwa, zima kwanza. Ngoja kisu kisimame kabisa, ndipo ugeuke.

Na wazee wenzangu, ukimkuta mtu na mashine, simama mbali umngoje. Shikamoo haiozi.

Kwenu huko mzee akija kazini mnafanyaje? Kuna anayethubutu kumwambia "subiri"? Komentini hapo chini. Wa kunisema, niseme tu, hutafikia ninavyojisema mwenyewe.

Zawadi sasa anaishi kwangu. Kila asubuhi bado ananiamkia. Nikiwa nimekaa upande wake wa kushoto, anageuza shingo yote mpaka anipate, ndipo anaanza kukunja goti.

Nami naitikia marahaba kabla goti halijafika chini.