Siku Tuliyomaliza Chakula cha Wakwe

Sipendi kuisimulia hii, lakini wanafunzi wangu washaieneza Eldoret nzima, afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Mimi ndiye mwalimu wa klabu ya mazingira, na siku hiyo nilikuwa nawatembeza watoto msituni kutoka kambi yetu huko karibu na Plateau, nikajifanya najua njia ya mkato (niliyoonyeshwa mara moja tu, tena nikiwa ndani ya gari), tukaenda tukaenda, tukatokea kwa mashamba ya mahindi ambayo sijawahi kuyaona maishani.

Mbele kulikuwa na boma, viti vimepangwa, kuku inanukia. Watoto wakaniuliza kama tumepotea. Hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu nikawaambia hapana, hapa ndipo tumepangiwa chakula. Nilitaka kuomba njia kimyakimya pale getini, lakini mama mwenye boma akatupokea kwa mikono miwili, akatuketisha, yakaja maziwa ya mursik, chapati, kuku, mbuzi, na kwa desturi ya huku mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Mimi nami ningeuliza vipi mbele ya watoto? Nikala, lakini kwa kiti sikutulia, mara naangalia geti, mara naangalia wazee wanaoongea Kikalenjin huku wakinitabasamia (mimi ni Mluhya, miaka yote hii najua salamu tu). Ndipo mwanafunzi wangu Cherono akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, wanasema wewe ni mjomba wa kijana anayekuja kumchumbia msichana wao. Huyo kijana ni mwalimu wa kwaya, sisi wanadhani ni kwaya yake. Mzee anataka usimame uongee."

Jamani, paja la kuku lilinikwama. Nikasimama, nikasalimia, nikasifu mvua, nikasifu ng'ombe, na bado nilikuwa nasifu wakati magari ya wakwe wenyewe kutoka Moi's Bridge yalipoingia yakipiga honi, na sufuria zimebaki mifupa.

"Na nyinyi ni akina nani?" mzee akauliza.

"Sisi ni klabu ya mazingira, Mzee. Tumepotea."

Watoto wangu wote wakageuka kuniangalia. Yule mama hakunigombeza, aliangalia tu sufuria, akaangalia wakwe wakishuka, machozi yakamlenga, na hiyo iliniuma kuliko matusi. Watoto wakaosha vyombo, mimi nikakimbiza kuku wengine wa kuchinjwa katikati ya mahindi, jasho linanitoka, wakwe wameketi wananitazama.

Uchumba ulikubaliwa, Mungu ni mwema. Jioni mzee akatusindikiza hadi barabarani, akaniambia polepole, "Mwalimu, ungesema tu umepotea. Chakula tungekupa."

Siku hizi nikikosea njia hata hapa mjini, namwambia mtu wa kwanza ninayekutana naye, hata kama hajaniuliza.