Kipimo Kilisema Sifuri

Ting. Bado naisikia sauti ya kipimo cha kileo, kile kijiti cha kioo kinachozama zaidi kadiri pombe inavyokuwa kali, kikigonga jagi. Nilikuwa nimechanganya pombe kali niliyotengeneza nyumbani na asali nyingi ya Sikonge. Kipimo kikaelea juu, kikasoma sifuri. Mimi nikaamini asali imeumeza ukali wote.

Mama wa mchumba wangu, mwanakwaya asiyegusa pombe, alipokuja kunitazama, nikammiminia.

“Hiki hakileweshi, mwanangu?”

“Hata kidogo, mama.”

Alipomaliza glasi ya pili akaliamkia kabati shikamoo, kisha akanigeukia. “Binti, miguu yangu haikubaliani na hicho kipimo chako.”

Alipolala, nilikoroga asali kwenye maji matupu, nikatumbukiza kipimo. Kikaelea juu zaidi. Kumbe asali ndiyo iliyokuwa ikikibeba. Nikalimwaga jagi zima nyuma ya nyumba.