Kifungu cha Eda

Mama mkwe wangu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na mkataba huusoma kama anavyochagua mchele: taratibu, na hakuna kokoto linalomponyoka. Sasa anaongoza kikundi cha kina mama wabanguaji wa korosho hapa Newala. Mfanyabiashara mmoja kijana wa Masasi alitaka kuwaachia kazi yake yote ya ubanguaji, akatujia na mkataba uliokwisha kuchapwa. Mimi, mwalimu mgeni niliyeolewa huku, niliambiwa niusome kwa sauti.

Glavu na usafiri, juu ya kijana. Kuvunja mkataba, taarifa ya mwezi mmoja kwa kila upande. Mama akawa anaitikia kwa kichwa. Nikafika panaposema kazi ifanywe na waliotajwa tu, na atakayekosekana wiki nzima jina lake lifutwe.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Kina mama wakatazamana. Mwenzao mmoja amefiwa na mume, yuko eda, hatoki, na watoto wake wanakula kwa hiyo korosho. Kwenye kikundi hiki aliye eda hubanguliwa fungu lake na mwenzake, na hela ni ya mfiwa. Haikuwa imeandikwa popote, kwa hiyo mkataba haukuijua.

"Lakini mama," kijana akajitetea, "hiki ni chakula. Korosho ikiharibika, nimkamate nani?"

Alikuwa na haki, hata mimi nilimwelewa.

"Utukamate kikundi kizima," mama akajibu. " Andika: kazi ya mfiwa itafanywa na mwenzake, jina lijulikane, apimwe afya kama wengine. Akiharibu, hasara ni yetu sote. Kama haiwezekani, mwanangu, chukua karatasi zako uende salama."

Vikundi vingine vipo tele, naye anamfukuza mteja! Nilimpenda mno mama yule siku ile, na papo hapo nikatamani kumfinya anyamaze.

Kijana akaandika pembeni kwa kalamu. Mama akataka pande zote zitie sahihi palepale kwenye nyongeza, ndipo akaridhika.

"Na huyo mwenzake ni nani?" kijana akauliza.

Kila mmoja pale alikuwa na fungu lake tayari. Mama akanigeukia.

"Andika huyu mkwe wangu. Shule zimefungwa, na mikono anayo."

Nilifungua mdomo nipinge, nikajisikia nasema, "Sawa, mama."