Siku Tulipochinja Mbuzi Mbili za Ntheo

Kwetu Ukambani msichana hajaolewa mpaka mbuzi ya ntheo iliwe. Harusi ya kanisa fanya, cheti cha serikali chukua, watoto zaeni. Kama upande wa mume haukuleta mbuzi, ikachinjwa nyumbani kwa baba ya msichana na pande zote mbili zikaila, huyo bado ni wa babake. Hata akifa, atarudishwa kuzikwa kwa babake. Watu wengine wanaona ni ajabu nyama kuwa na nguvu hiyo. Mimi sioni ajabu.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuchota mchanga mtoni, na nyumba yangu ya mawe hapa Kalamba imetoka kwa mchanga huo. Sikuomba mtu. Kwa hivyo msichana wangu wa mwisho alipopata mume, nilisema jambo moja tu: nataka ntheo, na ifanywe sawasawa.

Kijana alikuwa wa familia ya Waislamu wa Mwingi. Babake ni mchuuzi wa mifugo, na babu yake alitoka kaskazini na ng'ombe akakaa. Mambo ya msikiti walikuwa wameyapanga Ijumaa ya wiki hiyo, na msichana alikubali mwenyewe. Ni mtu mzima, ana kazi yake Kitui. Sikuingilia.

Mbuzi zikaja asubuhi kwa pikapu, dume moja na majike mawili. Dume ndilo la kuliwa. Majike hubaki kwa baba ya msichana wazae. Wazee wa Mwingi walikuwa nyuma, gari yao imepasuka gurudumu baada ya mji wa Wote. Nikaenda barabarani kuwangojea. Walipochelewa nikarudi nyumbani, nikakuta dume limening'inia mtini, damu iko kwa sufuria, na ndugu yangu mdogo anaosha utumbo wa kutengeneza mutura, ule wa kujazwa damu na nyama ukachomwa.

"Umefanya nini?"

"Nyama inataka muda. Wageni wafike na njaa, waseme sisi ni watu wa aina gani?"

"Hao ni Waislamu."

Akasimama na utumbo mkononi. "Lakini mbuzi ni yao. Wameleta wenyewe."

"Mbuzi ni yao. Kisu ni chako."

"Nilisema bismillahi," akasema.

"Na wewe ni mzee wa kanisa."

Msichana alikuwa jikoni akipika chapati. Alisikia, akaja mlangoni na unga mikononi. "Baba, na wasipokula?"

"Watakula," nikamwambia. Sikujua watakula nini.

Wageni wakafika. Baba ya kijana ni mtu mrefu, ndevu zake nyekundu za hina, na fimbo. Aliangalia mti mara moja akaelewa. Akakaa, akanywa chai, akasema kwa adabu, "Mkwe, msisumbuke. Sisi tutakula wali na mboga. Nyinyi kuleni nyama."

Ndugu yangu akafurahi. "Umeona? Watu wazuri."

Lakini mzee wa ukoo wetu, binamu ya marehemu baba, akatikisa kichwa. "Wakila wali ni wageni tu. Hapo hakuna ntheo. Warudi siku nyingine."

Siku nyingine ingekuwa baada ya Ijumaa. Msichana wangu angeingia Mwingi bila ntheo, na ukoo ungesema nimemtoa kama kuku.  

"Tuchinje jike moja," ndugu yangu akasema.

"Jike la ntheo halichinjwi," mzee akamjibu. "Unataka huyu asizae?"

"Mimi nina dume bomani," nikasema. "Kubwa kuliko hilo."

Mzee akanicheka. "Ukichinja mbuzi yako, anayeoa ni nani? Unamwoa msichana wako mwenyewe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Baba ya kijana akaweka kikombe chini. "Hilo dume naweza kuliona?"

Tukaenda bomani, watu wote nyuma yetu. Akalishika mgongo, akafungua mdomo akaangalia meno, akalipima kwa mikono kama mtu aliye sokoni. Kisha akaninyooshea fimbo yake.

"Nipe mbuzi, uchukue hii."

"Fimbo kwa dume kama hili? Umeambiwa mimi ni mjinga?"

"Ni fimbo ya babangu."

"Babako hakuchunga mbuzi yangu. Ongeza."

Akavua koti. Nikalivaa hapo hapo. Mikono ilikuwa mirefu na mabega yalinibana, lakini lilikuwa koti zuri. Nikasema limepita. Tukapeana mikono.

Mzee wa ukoo akasogea karibu. "Sasa hii mbuzi ni ya nani?"

"Yangu," mtu wa Mwingi akasema. "Na ninaileta kwa huyu mzee, kwa ajili ya msichana."

Mzee akafikiri. Akaangalia koti mwilini mwangu, akaangalia fimbo. "Basi ichinjwe," akasema.

Baba ya kijana akaichinja mwenyewe, kwa kisu chake, kichwa kimeelekezwa kibla. Ndugu yangu ndiye aliyeshika miguu. Damu ikamwagika mchangani na yeye akaiangalia ikipotea.

"Inaenda hivi hivi tu?"

"Inaenda," mkwe akamwambia.

Tukawasha moto mwingine, mbali na ule wa mutura, na sufuria mpya tukaazima kwa jirani. Ini likaiva kwanza. Nilikata kipande nikampa mkwe, naye akakata akanipa mimi. Alitafuna polepole, watu wote wanamwangalia mdomo.

"Halina chumvi," akasema.

Nikaita chumvi. Mke wangu alikuwa ameishika, lakini msichana aliichukua akaileta mwenyewe, amejifunga leso, unga bado mikononi. Akapiga goti akaiweka mbele yake.

Mzee wa ukoo akamwuliza yule mtu wa Mwingi, "Huyu ni nani?"

Akameza kwanza. "Mke wa kijana wangu."

"Haya," mzee akasema, akageukia ndugu yangu. "Sasa lete ile yako ya damu. Mimi nina njaa tangu asubuhi."