Mafuta ya Ploti Kumi na Saba

Phineas Wanyonyi alipoacha kazi ya ukarani mwaka wa 1971 na kwenda chuo cha ufundi mjini Eldoret kusomea mambo ya petroli, watu wa upande wa Moiben walicheka wakashika mbavu.

"Usomee mafuta, na hata kisima cha maji hatuna?" aliuliza Mzee Macharia, mwenyekiti wa kampuni yao ya kununua shamba. "Si ungesomea maziwa? Ng'ombe tunao."

Phineas alikwenda hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa daftari: alichofundishwa alikiandika, na alichoandika alikipigia mstari kwa rula.

Mwaka huo wanachama waligawana shamba walilonunua kwa mzungu. Kila mmoja alichomoa karatasi kutoka kwenye kofia ya Macharia. Macharia mwenyewe alipata namba nne, kando ya mto. Mama Nangila, mamake Phineas, aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wote apate hisa, alichomoa namba kumi na saba, nyuma ya banda la trekta. Udongo wa hapo ulikuwa mweusi na wenye kunuka kama mafuta ya taa, hata magugu yalipakimbia.

Kubadilishana kuliruhusiwa hadi Ijumaa, siku ambayo sorovea, mpima ardhi, angepanda mawe ya mipaka. Mama Nangila alizunguka boma kwa boma. Hakuna aliyetaka.

"Sasa nitapanda nini hapo, mwanangu?" alimwuliza Phineas, aliyekuwa amekuja nyumbani kwa likizo, siku ya Alhamisi. "Taa?"

Phineas alichukua jembe, akachimba hadi magotini. Maji yalijaa shimoni, na juu yake rangi za upinde wa mvua. Alichovya karatasi, akainusa, akaiwasha. Ikawaka fuu! Kisha akaandika daftarini. Kufikia hapo nusu ya kampuni ilikuwa imemzunguka, na Macharia amevua kofia.

"Ni mafuta?"

"Ni dizeli, Mzee. Ya trekta ya mzungu. Ilimwagika zamani."

"Mbona unaandika?"

"Huwa naandika kila kitu."

"Ahaa! Huko chuoni wamewafundisha kuficha."

"Mzee, hapa hakuna kitu," Phineas alisema, akamwonyesha daftarini neno "nothing", chini yake mistari miwili. Macharia hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo.

"Mtu hapigi mstari mara mbili chini ya hakuna kitu," akawaambia wenzake. Akamgeukia Mama Nangila. "Mama, nikupe namba nne, unipe hii."

"Mama, mwambie ukweli," Phineas alisihi.

Mama Nangila alivuta pumzi. "Mwenyekiti, mwanangu hadanganyi. Hapo hapaoti kitu."

"Hata wewe umeshafundishwa! Unataka au hutaki?"

"Nataka," akasema, kabla Phineas hajafungua mdomo tena.

Mawe yakapandwa. Macharia alichimba wiki tatu. Siku moja jembe likagonga chuma: tangi la mzungu, limetoboka, limebakiza dizeli ya kujaza debe moja. Alilibeba debe hilo mpaka kando ya mto, ambako mahindi ya Mama Nangila yalikuwa yameshachipua.

"Phineas! Nani alisema hakuna mafuta?"

Phineas alifungua daftari, akafuta lile neno "nothing", akaandika "debe moja".

Dizeli hiyo Macharia aliipaka nguzo zake zote za ua. Mchwa hawajazigusa mpaka leo. Zinasimama imara, zikilinda shamba lisilootesha hata jani.